Actros ya 2008, kilomita 1,140,000, milioni 3.1 na trela yake: ninunue au nikimbie?

#1 Mwalimu_Kitengela
Wadau, salamu. Mimi ni mwalimu, mkopo wa Sacco umekubaliwa, na shemeji yangu ni dereva wa miaka mingi barabara ya Mombasa. Tumeona kichwa cha lori Mlolongo: Mercedes Actros 2546 ya mwaka 2008, ilitoka Uingereza ikasajiliwa hapa 2015. Odometa inasoma 1,140,000. Trela ni ya ekseli tatu, imeundwa hapa hapa. Mwenyewe anataka milioni 3.1 kwa vyote viwili. Anasema anahamia biashara ya tipa, na kwamba injini haijawahi kufunguliwa.

Shemeji anasema tulipe leo kabla mwingine hajaichukua. Mke wangu anasema gari iliyotembea kilomita milioni moja imeshamaliza kazi yake duniani. Nani tumsikilize?

#2 Mzaha_Tu
Msikilize mke. Shemeji akikosea utamwona Krismasi tu, mke utamwona kila jioni.

#3 Nyundo_Kubwa
Mwalimu, hiyo namba isikutishe. Injini ya 2546 ni OM501, V6 ya lita 12. Kila silinda ina hedi yake na pampu yake ya dizeli, na laina ni za kutoa na kuweka. Silinda moja ikisumbua unafungua hapo hapo, hizo tano hazina habari. Nimeziona zikivuka milioni bila kuguswa, na nimeziona zimekufa kwa laki sita kwa sababu mwenye gari alikuwa akiongeza oili badala ya kuibadilisha.

Nenda alfajiri, umwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, amekuficha kitu. Iwashwe ikiwa baridi, uangalie moshi. Wa bluu ukiendelea, inakula oili. Mweusi ni nozo au tabo. Mweupe usiokatika baada ya injini kupata moto, chunguza maji yanakoenda. Halafu fuata paipu ya kupumulia ya injini. Ikitoa pumzi nzito kama sufuria ya ugali, ringi zimechoka, na hapo bei inabadilika.

#4 Wa_Maungu
Nakubaliana na fundi lakini ameanzia kati. Mimi niliendesha kabla ya goti kunistaafisha. Anza na dereva, kisha injini. Uliza nani alikuwa akiiendesha miaka mitatu iliyopita na umtafute, Mlolongo hakuna siri. Gari iliyokuwa na dereva mmoja na tanboi (msaidizi) mmoja si sawa na ile ya kupokezana kila wiki, hata odometa zikifanana mpaka namba ya mwisho.

Na uangalie breki za ngoma za trela. Kuna madereva wanaotia fri (gia huru) wakishuka Salgaa au Kinungi ili wabakishe dizeli wauze. Ngoma zao zina nyufa nyembamba na rangi ya buluu ya kuungua.

#5 Hesabu_Kali
Tupige hesabu kidogo. Kutoka 2008 hadi 2015 ilikuwa Uingereza. Tuiwekee kilomita laki moja kwa mwaka, hiyo ni laki saba. Imebaki 440,000 kwa miaka kumi ya Kenya, yaani 44,000 kwa mwaka.

Nairobi–Mombasa ni kama 480, kwenda na kurudi 960. Safari nne kwa mwezi ni 3,840, kwa mwaka 46,080. Kwa hiyo kama ilikuwa ya Mombasa na Nairobi tu, odometa inasema ukweli au karibu na ukweli. Mwalimu, ilikuwa ikienda wapi?

#6 Mwalimu_Kitengela
Asante @Hesabu_Kali. Mwenyewe alisema Kampala.

#7 Hesabu_Kali
Basi kuna tatizo. Mombasa–Kampala kwenda na kurudi ni kama 2,300. Tatu kwa mwezi ni 6,900, kwa mwaka karibu 83,000. Miaka kumi ni zaidi ya laki nane. Ongeza zile laki saba za Uingereza, tuko milioni moja na nusu. Hizo karibu laki nne zimeenda wapi?

#8 Kijana_wa_Yadi
Nyinyi watu mnapenda kuhukumu mkiwa kwenye kochi. Mimi nauza magari (si hilo). Anayetaka kudanganya haachi milioni moja na laki moja kwenye dashibodi. Anashusha mpaka 480,000 na unalipa ukitabasamu. Huyo ameacha namba mbaya wazi, mshukuruni.

#9 Mzaha_Tu
@Kijana_wa_Yadi asante kwa kutufundisha mnavyoshusha.

#10 Mama_Trela
Nina magari matatu, nilianza na moja kuukuu kuliko hiyo, kwa hiyo niongee.

@Hesabu_Kali hesabu yako inadhani gari linatembea kila mwezi. Umesahau reli. Treni ya mizigo ya SGR ilianza Januari 2018, na baadaye makontena ya Nairobi na ya ng'ambo ya mpaka yakalazimishwa kupanda treni. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022 serikali mpya ilipoingia. Katikati hapo sisi wa magari tulikuwa tunaegesha. 2020 nayo ikaja na foleni za kupimwa korona Malaba na Busia, dereva analala barabarani siku na siku, odometa haijasogea. Gari la Kampala lenye kilomita chache kwa miaka ile si muujiza.

Sasa Mwalimu, kuhusu pesa. Umekopa ngapi? Kama mkopo wote unaishia kwenye bei ya kununua, usinunue hata kama injini ni mpya. Kichwa na trela vina tairi 22: mbili mbele, nane nyuma ya kichwa, kumi na mbili za trela. Zihesabu zilizoisha ukiwa hapo yadi. Halafu kuna bima, ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) kila mwaka, na kodi ya awali ya KRA (mamlaka ya ushuru). Dizeli ya safari ya kwanza unatoa wewe, posho ya dereva unatoa wewe, na mwenye mzigo anakwambia lete karatasi nikulipe baada ya siku 60, wengine 90. Sacco haingoji siku 90. Magari mengi ya watu wa kwanza yanauzwa yakiwa mazima, ni mwenyewe aliyeishiwa na pumzi.

#11 Tunduma_Kwetu
Habari wakuu. Huku Tanzania semi ya milioni moja tunaiita kijana. Kuna Scania za miaka ya tisini zinapanda mlima Kitonga mpaka leo na tani zake mgongoni. Siri ni spea. Nunua gari ambalo spea yake unaipata saa nane usiku porini, mengine ni mbwembwe. Kwa hapo Nairobi nadhani Actros haina shida.

#12 Nyundo_Kubwa
Kweli mkuu, spea za Actros zimejaa hapa Grogan mpaka Industrial Area, mpya, za Uturuki, za Uchina na za magari ya kuchinjwa. Shida ni kujua ipi ni ipi.

Mwalimu, jambo nililosahau: ya 2008 aina hiyo inatumia AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi. Fungua tangi lake dogo. Likiwa kavu, kuna kisanduku kimefungwa kwenye waya kinachoidanganya kompyuta kwamba kila kitu kiko sawa. Gari itatembea, lakini waya zilizokatwa na kuunganishwa kwa selotepu ndizo zitakusumbua msimu wa mvua, na giaboksi ya Actros inabadilishwa kwa umeme na hewa. Waya moja ikila kutu unakaa Mtito Andei na gia moja.

#13 Baba_Shiko
Hayo yote yanatokana na dizeli yetu chafu. Injini za Ulaya haziwezi salfa ya huku, ndiyo maana zinakufa mapema.

#14 Nyundo_Kubwa
@Baba_Shiko hiyo ilikuwa zamani. Afrika Mashariki tulihamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm Januari 2015, na hii gari imeingia mwaka huo huo. Uchafu ninaoukuta mimi ni maji na vumbi ndani ya tangi, na dizeli ya mitungi ya kando ya barabara. Na filta za bei ya chini, hizo usiniambie.

#15 Baba_Shiko
Kama ni hivyo, mbona ya jirani yangu ilikufa?

#16 Wa_Maungu
Ya jirani yako ilikuwa ikinyonywa dizeli na kuongezwa mafuta ya taa, lakini hilo hakukwambia.

#17 Wakili_wa_Mtaa
Naona mmeshika vyuma mkasahau makaratasi.

Ingia tovuti ya serikali ya eCitizen, uchukue nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA. Jina la kwenye logbuku lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na uone kama kuna benki iliyoandikwa pamoja naye. Kisha linganisha namba ya chasisi kwa macho yako, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kibati pekee hakitoshi. Ya Actros huanza na WDB. Trela pia ina namba yake ya usajili na logbuku yake, watu husahau kabisa.

La mwisho, ambalo wengi hawalijui: tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, mtu anaweza kukopea gari na deni likaandikwa kwenye rejista ya dhamana bila jina la mkopeshaji kuonekana kwenye logbuku. Tafuta huko pia kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika bei.

#18 Salgaa_Usiku
Mimi niko barabarani sasa hivi, nimeegesha hapa mji wa Salama nakula chapati, nimesoma uzi mzima. Hakuna aliyeuliza swali la mzigo. 2546 ni 6x2, ekseli moja ndiyo inayosukuma. Ni nyepesi na inakunywa kidogo kuliko 6x4 yenye ekseli mbili za kusukuma, lakini mvua ikinyesha kwenye matope ya eneo la ujenzi unakaa ukizungusha tairi mpaka katapila ije. Mwalimu, unataka kubeba nini?

#19 Mwalimu_Kitengela
Simenti kutoka Athi River kwenda magharibi, na kurudi na chochote. Shemeji anasema anajua mtu.

#20 Mama_Trela
"Anajua mtu" si mkataba. Rudi na barua.

Simenti ni mzigo mzito na mizani ni nyingi upande huo: Gilgil, Webuye, na Busia ukifika mpakani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele, 18 ekseli mbili za kichwa, 24 za trela tatu. Jumla tani 50, pamoja na uzito wa gari lenyewe. Kwa hiyo pima kichwa na trela vikiwa vitupu kabla ya kununua. Trela za kuundwa hapa nyingine ni nzito mno, chuma juu ya chuma, na kila kilo ya trela ni kilo ya simenti usiyolipwa.

#21 Kijana_wa_Yadi
Mama, kwa masharti hayo hakuna Mkenya atanunua gari tena.

#22 Mama_Trela
Watanunua yangu. Nimeyapima.

#23 Wa_Maungu
😂 Huyu mama namjua kwa maneno.

Mwalimu, trela ilale chini ya macho yako kwa nusu saa. Tambaa na tochi uangalie chasisi: rangi mpya sehemu moja tu ni kuchomelea. Tazama sahani inayokamata trela, ikicheza utausikia mgongo wako kila unapofunga breki. Bushi, springi, begi za hewa. Zima injini, acha hewa imejaa, urudi baada ya chai. Geji ikiwa imeanguka, hewa inavuja mahali.

#24 Mwalimu_Kitengela
Wadau, nimerudi na habari. Nilienda alfajiri na fundi aliyependekezwa na mdau mmoja hapa, ubarikiwe. Injini ilikuwa baridi kweli. Iliwaka mara ya kwanza, moshi mweupe kidogo ukaisha. Paipu ya kupumulia inatoa moshi, si mwingi, fundi wangu anasema "umri". Tangi la AdBlue ni kavu kama @Nyundo_Kubwa alivyosema. Tairi nane kati ya 22 ni za kutupa.

Kubwa zaidi: takografu yake ya Uingereza, kile kifaa kinachorekodi mwendo na kilomita, bado ipo na inafanya kazi. Fundi alitoa karatasi ya kumbukumbu za upimaji. Upimaji wa mwisho huko ni wa 2014, na odometa ilikuwa 861,000.

#25 Hesabu_Kali
Hiyo ndiyo dhahabu! Magari mapya ya Ulaya yaliwekewa takografu za dijitali tangu Mei 2006, na kila inapopimwa upya odometa inaandikwa ndani. Kwa hiyo laki moja niliyoiweka kwa mwaka ilikuwa ndogo. 861,000 kwa miaka sita ni zaidi ya 140,000 kwa mwaka, hiyo ni gari ya zamu mbili, usiku na mchana kwenye barabara kuu.

Lakini sasa Kenya imebaki na 279,000 kwa miaka kumi, yaani safari moja ya Kampala kwa mwezi. Gari gani la biashara linaishi hivyo? Dashibodi imebadilishwa, ikawekwa ya gari jingine.

#26 Mama_Trela
Au iliegeshwa kama nilivyosema. Miaka minne ya reli, mwaka wa korona, kisha tuseme mwenyewe alikosa pesa ya tairi. Nimeona gari likiota nyasi Mariakani.

#27 Salgaa_Usiku
Nyote wawili hamjawahi kulala kwenye kebini. Gavana ya mwendo ni 80. Kuna madereva wanaochomoa waya ya sensa kule kwenye giaboksi ili gavana isijue gari linakimbia. Sensa ikichomolewa, odometa nayo inalala. Gari linafika Malaba na kilomita hazijaongezeka. Dashibodi ni ile ile, hakuna aliyeishusha, ila haikuhesabu.

#28 Hesabu_Kali
Hiyo sikuifikiria. Lakini takografu si ingeandika hitilafu?

#29 Salgaa_Usiku
Ingeandika. Mwalimu, fundi wako alichapisha karatasi ya hitilafu pia, au alifurahia ile moja?

#30 Mwalimu_Kitengela
Ile moja tu 🙈 Nitamwomba.

#31 Nyundo_Kubwa
Nawaheshimu wote, lakini mnatafuta umri wa mzee kwenye kitambulisho ilhali mzee amesimama mbele yenu. Iwe milioni moja na laki moja au milioni moja na nusu, ringi hazijui kusoma. Chukua sampuli ya oili ipelekwe maabara waangalie chuma, shaba na mchanga. Na pima nguvu ya kila silinda kwa kompyuta, kazi ya muda mfupi.

#32 Kijana_wa_Yadi
Na kama mwenyewe amebadilisha oili jana? Oili mpya itatoa majibu mazuri kila siku.

#33 Nyundo_Kubwa
Leo umesema la maana. Ndiyo, oili iwe imetembea. Ikiwa ni ya jana, sampuli haina kazi, tegemea kompyuta na kuipandisha mlima ikiwa na mzigo.

#34 Tunduma_Kwetu
Mkuu Nyundo, sikubaliani kwamba kilomita si kitu. Injini unaweza kuifungua. Lakini giaboksi, difu, habu, kebini, waya, vyote vimetembea pamoja nayo. Unatengeneza injini mwezi wa pili, mwezi wa nne ni difu, mwezi wa sita ni klachi. Hakuna kimoja kinachoua, vinaua kwa kufuatana. Mimi ningetoa hiyo pesa kama malipo ya kwanza ya gari jipya la Kichina.

#35 Mama_Trela
Jipya ni deni la kila mwezi, liwe na mzigo lisiwe na mzigo. Kuukuu likikosa mzigo linalala bila kudai. Kwa mtu anayeanza na ahadi ya "anajua mtu", naona bora kuukuu. Lakini si kwa 3.1. Tairi nane, AdBlue, waya, na hizo kilomita zisizojulikana zilikokwenda.

#36 Tunduma_Kwetu
Bila kudai? Na mkopo wa Sacco ni zawadi?

#37 Mama_Trela
Haya, hapo umenipata nusu.

#38 Mwalimu_Kitengela
Ameshuka mpaka 2.75. Rekodi za NTSA ni safi, rejista ya dhamana bado natafuta. Karatasi ya hitilafu imetoka: sensa ya mwendo imekatika mara nyingi sana, lakini tarehe zote ni za miezi ya karibuni, za zamani hakuna.

#39 Salgaa_Usiku
Nilisema.

#40 Hesabu_Kali
Hukusema chote. Kumbukumbu ya takografu haihifadhi milele, mpya zinafuta za zamani. Inathibitisha kwamba ilichomolewa juzi. Miaka ile mingine inaweza kuwa sensa, dashibodi au nyasi za Mama Trela.

#41 Mwalimu_Kitengela
Jumamosi tunapanda nayo Rironi ikiwa na mzigo. Mwenyewe amekubali, dizeli ni yangu.

#42 Kijana_wa_Yadi
Na ikichemka katikati ya mlima, ni ya nani?

#43 Wakili_wa_Mtaa
Hilo liandikwe kabla ya kuwasha. Mistari mitatu, sahihi mbili, shahidi mmoja.

#44 Nyundo_Kubwa
Aendeshe dereva wa mwenye gari, si shemeji. Shemeji ameshaipenda, ataibembeleza. Wewe kaa katikati, macho kwenye geji ya maji na ya oili, na mkishuka mwambie atumie breki ya injini tu usikie inavyoshika. Mkirudi, kabla hajazima, fungua kifuniko cha oili na upige video uiweke hapa.

#45 Mzaha_Tu
Mpeleke mke akashike geji. Shemeji abaki nyumbani na watoto.